MAVI YA MIFUGO MALISHONI NA MAJI YA KUNYWA
Somo kwa Wakulima na Wafugaji wa Kihurio



Somo letu ni la mavi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanayoangushwa malishoni. Pengine msomaji atacheka na kusema, "Je, mavi nayo yataka kuandikiwa somo? Tangu zamani za babu zetu twayakanyaga kila asubuhi, nasi tungali hai." Nakuomba usilitupe karatasi hili kabla ya kulisoma hata mwisho. Mimi mwenyewe nalicheka hivyo hivyo, nami nilifundishwa kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nalimwendea bibi mmoja wa nchi ya tambarare, mwenye bustani ya mchicha kando ya mfereji. Udongo wake ulikuwa umechoka. Nikamwambia achukue samadi zizini aitie mara moja katika matuta, akafanya kama nilivyosema. Mchicha ukastawi sana, nami nikajisifu. Kisha mvua za vuli zikanyesha, na baada ya siku chache mjukuu wake wa miaka miwili akaanza kuhara damu. Alilala hospitali siku tisa, akapona kwa shida. Nilipokwenda kumpa pole bibi yule hakunigombeza. Aliniambia hivi tu: "Mwanangu, ulinifundisha namna ya kuitia samadi, lakini hukunifundisha namna ya kuingoja."

Siwezi kuapa kwamba samadi ile ndiyo iliyomwuguza mtoto, maana mfereji wenyewe ulipita katikati ya malisho. Lakini ilinipasa kumwonya, wala sikumwonya. Basi leo nawafundisha ninyi lile nililomnyima bibi yule.

1. VIJIDUDU NI NINI?

Katika matumbo ya kila mnyama, na ya kila mtu, mna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita bakteria. Aina mojawapo iligunduliwa na mganga Theodor Escherich, akaieleza mwaka 1885 alipokuwa akichunguza choo cha watoto wachanga katika Ujerumani. Nayo huitwa E. koli kwa heshima ya jina lake. Vijidudu vingi vya jamaa hii havina madhara. Lakini wamo wabaya kati yao, kama vile katika kila ukoo.

Aina moja mbaya yaitwa E. koli O157. Ilitambuliwa kuwa chanzo cha maradhi mwaka 1982 katika Marekani. Jambo la kutisha ni hili: ng'ombe huibeba tumboni asiugue. Atakula, atacheua, atatoa maziwa, na ngozi yake itang'aa; huku kila aangushapo mavi huangusha na vijidudu hivyo. Mtu akivimeza, hata vikiwa chini ya 100, aweza kuhara damu, na mtoto mdogo aweza kuharibika figo na kufa. Kadhalika kuna vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo huwaua ndama na kuwadhuru watu pia.

Gramu moja ya mavi mabichi ya ng'ombe, yaani kipande kiasi cha punje chache za mahindi, yaweza kuwa na E. koli laki moja, hata milioni kadhaa. Ng'ombe wa kienyeji aweza kutoa kadiri ya kilo 10 za mavi kwa siku moja. Sasa hesabu mwenyewe kundi la ng'ombe 20 kwa juma moja.

2. HUISHI MUDA GANI?

Watu wengi hudhani kwamba mavi yakianguka juani, vijidudu hufa siku ile ile. Si hivyo. Jua hukausha ngozi ya juu tu. Ngozi ile ikikauka hugeuka kuwa paa la nyumba: chini yake mna unyevu, kivuli na chakula. Katika nchi ya New Zealand wataalamu waliyapima mavi ya ng'ombe yaliyoachwa malishoni, wakaona kwamba katika juma la kwanza hata la tatu vijidudu havikupungua, bali viliongezeka mara nyingi, maadamu mavi yalikuwa na unyevu. Ndipo baadaye vikaanza kufa kidogo kidogo.

Wengine katika Marekani walitia E. koli O157 katika mavi ya ng'ombe wakayaweka katika joto mbalimbali. Katika joto la digrii 37, yaani sawa na mwili wa mtu, vijidudu viliishi siku 42 hata 49. Katika digrii 22 viliishi siku 49 hata 56. Katika baridi ya digrii 5 viliishi siku 63 hata 70. Maana yake ni hii: kwa kadiri joto lizidivyo ndivyo vijidudu vifavyo upesi; lakini hata katika joto kama la tambarare yetu, mwezi mmoja hautoshi.

Tena sikilizeni habari ya biwi la samadi. Katika jimbo la Idaho wataalamu waliacha biwi la mavi ya kondoo mahali pa wazi bila kuligeuza. Vijidudu vile viliendelea kuishi miezi 21. Biwi jingine la kondoo lililogeuzwa na kupata hewa lilikuwa navyo miezi 4, na la ng'ombe lililogeuzwa siku 47. Mwone, ndugu msomaji, kazi ya jembe na mikono miwili!

3. NINI HUVIUA, NA NINI HUVIHIFADHI?

Adui za vijidudu ni nne: ukavu, jua, joto kali, na muda.
Rafiki zake ni nne pia: unyevu, kivuli, ubaridi, na haraka ya mkulima.

Ukitaka kukumbuka somo hili lote kwa maneno machache, kumbuka hayo manane.

4. HUSAFIRIJE?

Vijidudu havina miguu. Vikibaki malishoni havimdhuru mtu aliye nyumbani. Lakini vina wachukuzi, na mchukuzi mkubwa ni mvua.

Tazama nchi yetu ilivyo. Kihurio imelala chini ya milima ya Upare ya Kusini, na ng'ambo ya bonde la mto Mkomazi twaiona Usambara. Maji yetu hushuka kutoka juu kwa mito na mifereji. Wazee wetu wa Upare walikuwa hodari wa kazi hii; walichimba ndiva za kukusanya maji ya usiku ili yagawiwe mashambani mchana. Ni urithi wa sifa. Lakini mfereji hauchagui mzigo. Ukipita penye zizi, huchukua ya zizini. Ukipita malishoni, huchukua ya malishoni. Na aliye chini huteka yote.

Tena malisho yetu si mapana kama zamani. Nchi ya Mkomazi ilitengwa kwa ajili ya wanyama wa porini mwaka 1951, nayo sasa ni Hifadhi ya Taifa, ambamo mifugo hairuhusiwi. Upande mwingine mashamba ya mpunga na mahindi yameongezeka. Basi ng'ombe wengi hukusanyika mahali padogo, hasa penye maji, na mavi hukusanyika pamoja nao.

Wakati wa kiangazi mavi hurundikana mwezi baada ya mwezi. Wanyama huwa dhaifu, wengine hufa kandokando ya maji. Kisha mvua ya kwanza ya vuli hushuka kwa nguvu juu ya nchi iliyo tupu, isiyo na majani ya kuzuia. Maji hayana nafasi ya kuzama. Hukimbia yakikokota kila kitu. Kwa sababu hiyo mvua ya kwanza, ambayo twaipokea kwa vigelegele, ndiyo yenye hatari kuliko zote zifuatazo.

5. MAMBO YALIYOTUKIA ESWATINI MWAKA 1992

Msidhani haya ni maneno ya vitabu tu. Iko nchi ya wafugaji kusini mwa Afrika, Eswatini, ambayo zamani zile iliitwa Swaziland. Mwaka 1992 walipatwa na ukame. Mwezi wa Oktoba ng'ombe waliokufa walikuwa mara tano ya miaka ya nyuma. Mwezi huo huo, baada ya miezi mitatu ya ukavu, ikanyesha mvua kubwa ya kwanza, milimita 36.

Ndipo maradhi ya kuhara damu yakaenea. Katika Oktoba na Novemba, watu wenye umri uliozidi miaka 5 walikwenda kwa waganga kwa ajili ya kuhara zaidi ya mara 40,000, yaani mara saba ya kawaida ya majira hayo. Wachunguzi waliwauliza watu 778 vijijini. Kati ya kila watu 100, 42 walikuwa wameugua. Walioonekana kuwa katika hatari zaidi ni wanawake, waliokunywa maji yasiyosafishwa, na waliokula nyama ya ng'ombe. Kijidudu kilichopatikana ni E. koli O157. Wachunguzi wakaona kwamba ukame, ng'ombe wenye kubeba vijidudu, na mvua kubwa iliyochafua maji ya juu ya nchi, ndivyo vilivyoshirikiana kuleta msiba ule.

Hata nchi tajiri hazikuokoka. Katika mji mdogo wa Walkerton, nchi ya Kanada, mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilipeleka vijidudu vya samadi katika kisima kifupi cha mji, na dawa ya kusafisha maji haikutiwa ipasavyo. Watu kadiri ya 2,300 waliugua, na 7 wakafa. Mfugaji mwenye samadi ile hakuonekana kuwa na kosa, aliitunza vema. Kosa lilikuwa katika ulinzi wa maji.

Sasa linganisheni na kwetu. Mwisho wa mwaka 2021 na mwanzo wa 2022 ukame uliua mifugo mingi katika nchi za Same na Simanjiro. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zikafurika katika Afrika ya Mashariki. Ukame kisha gharika: ndiyo njia ile ile iliyopita Eswatini. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

6. YATUPASA KUFANYA NINI?

Sisemi tuache samadi. Samadi ni chakula cha udongo, na anayeitupa hutupa mahindi yake mwenyewe. Nasema tuitawale. Fuateni maagizo haya.

(a) Malishoni na penye maji
Usiwaache ng'ombe waingie mtoni au mferejini kunywa. Mnyama asimamapo majini huangusha mavi humo humo. Chimba mfereji mdogo wa pembeni, uelekeze maji katika hori lililo mbali kidogo, wanyama wanywe hapo. Kandokando ya mto na mfereji acha ukanda wa majani mazito, hatua 10 au zaidi, usilime wala usilishe. Majani yale huyapunguza mbio maji ya mvua na kuyazuia mavi. Wakati wa jua kali, yatawanye kwa reki marundo ya mavi yaliyo malishoni, yapate kukauka hata ndani. Lakini mvua zikikaribia usiyatawanye, maana utakuwa umeyatayarishia safari. Baada ya kuvuna mpunga, ng'ombe wakiingia kula mabua ni vema, udongo hupata mbolea. Ila wakati wa kupanda tena, anayefanya kazi katika tope lile anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

(b) Zizi
Jenga zizi mahali palipo chini ya kisima, si juu yake, na pasipungue mita 30 kutoka kisimani au mtoni. Upande wa juu wa zizi chimba handaki la kuyapitisha kando maji ya mvua, yasiingie zizini. Upande wa chini panda majani ya kulishia ng'ombe, yapokee uchafu utokao.

(c) Biwi la samadi
Hili ndilo jambo nililosahau kumwambia bibi yule. Kusanya mavi pamoja na mabua ya mahindi, majani makavu na masazo ya chakula cha ng'ombe. Yapange kwa tabaka, upana wa mita 2, kimo cha mita 1 na nusu. Yanyunyizie maji hata ukikamata konzi moja na kulikamua liwe na unyevu bila kuchuruzika. Funika kwa nyasi. Baada ya siku tatu au nne choma fimbo hata katikati ya biwi, ingoje kidogo, uitoe uishike. Ikiwa ni ya moto hata huwezi kuivumilia mkononi, biwi lafanya kazi njema. Ikiwa ni vuguvugu tu, ongeza mavi mabichi na maji, kisha uligeuze.

Kanuni za Marekani husema biwi la namna hii lishike joto la digrii 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe mara 5, ya nje yaingie ndani na ya ndani yatoke nje. Sababu yake ni wazi: moto huwa katikati, na vijidudu vya pembeni havikuuona. Asiyeligeuza hupika chungu nusu. Siku hizo zikiisha, liache lipoe na kukomaa hata yawe kama udongo mweusi usio na harufu mbaya. Kwa jumla hesabu miezi mitatu. Usilichanganye tena na mavi mabichi. Hayo yaanzie biwi jipya.

(d) Bustani
Mboga zinazoliwa mbichi, kama nyanya, vitunguu na kabichi, zisikutane na samadi mbichi. Ikiwa huna samadi iliyoiva nawe umekwisha kutia mbichi, basi hesabu siku. Kanuni za kilimo za Marekani huagiza zipite siku 120 tangu kutia samadi mbichi hata kuvuna, kwa mazao yanayogusa udongo. Na siku 90 kwa yasiyogusa, kama mahindi. Mchicha huvunwa mapema kuliko siku hizo. Kwa hiyo utie samadi iliyoiva tu. Tena usimwagilie mboga za kula mbichi kwa maji yaliyotoka malishoni.

(e) Maji ya nyumbani
Maji ya kunywa, kwa kipimo cha shirika la afya la ulimwengu, yasiwe na E. koli hata mmoja katika mililita 100, yaani nusu ya gilasi. Macho hayawezi kupima jambo hilo. Maji maangavu kama kioo yaweza kuwa na maelfu. Basi yachemshe hata yatokote sana kwa dakika moja, yafunike, uyatie katika chombo safi chenye kifuniko. Juma la mvua ya kwanza usilegee hata siku moja.

(f) Ndama na maziwa
Vijidudu hivi havidhuru watu tu. Kuhara huua ndama wengi. Ndama anyonye dang'a mapema, katika saa sita za kwanza, maana dang'a ndiyo ngao yake. Alale mahali pakavu, mbali na mavi ya wakubwa. Mkamaji anawe mikono, aoshe kiwele na kukikausha, na maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.

(g) Mizoga
Mnyama akifa usimwache kando ya maji. Wala usimpasue ikiwa amekufa ghafula na damu yamtoka puani. Huenda ni kimeta, ambacho mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi sana. Mwite Bwana Mifugo kwanza.

7. MTOTO AKIHARA

Usingoje. Mpe dawa ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawasawa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo mara kwa mara, na kunyonya kusikatizwe. Ukiona damu katika choo, au macho yamezama, au mkojo umekuwa haba, mpeleke hospitali siku ile ile. Umweleze mganga kama mtoto amekunywa maji ya mfereji au amecheza zizini.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomeeni wasiojua kusoma, kisha waulizeni:
1. Kwa nini jua haliui vijidudu vyote vilivyomo katika mavi?
2. Kwa nini mvua ya kwanza ina hatari kuliko ya mwisho?
3. Biwi ligeuzwe mara ngapi, na kwa nini?
4. Zizi lako liko juu ya maji yako, au chini yake?

Swali la nne lisijibiwe kwa mdomo. Toka nje, simama mlangoni, utazame maji ya mvua yatakapopita. Likiwa zizi liko juu, kazi yako ya kiangazi hiki umeijua. Wala usifanye peke yako, maana mfereji ni wa wengi: aliye juu akichafua, aliye chini huugua. Zungumzeni katika mkutano wa wenye mfereji, mpatane mahali pa kunyweshea na siku ya kusafisha kabla ya vuli.

Bibi yule wa mchicha angali analima. Nyuma ya nyumba yake sasa pana mabiwi matatu: moja lajengwa, moja lageuzwa, na moja limeiva. Nikipita huko hunipa mboga, nami hula bila hofu. Mjukuu wake ndiye anayeshika fimbo ya kupimia moto.